Nyuzi Kumi na Mbili

Karani wa ofisi ya kodi alimwambia Chepkemei, bila ubaya wowote, kwamba hata marehemu huleta ritani, hesabu ya kodi ya mwaka. Mumewe alifanya biashara mwaka mzima wa elfu mbili na saba. Kwamba alifariki siku tatu baada ya mwaka huo kwisha lilikuwa jambo la kusikitisha, pole sana mama, lakini mwaka wenyewe ulikuwa umetimia, na hesabu yake ilitakiwa mezani kabla ya jioni ya tarehe thelathini Juni. Chepkemei akamshukuru. Miezi hiyo alikuwa akimshukuru kila mtu: waliompa pole, waliomrudishia chenji, hata waliomkanyaga kwenye foleni.

Kipngetich hakuuawa kwa mshale wala kwa moto, ingawa alikufa katika wiki ya mishale na moto iliyofuata uchaguzi. Alikufa kwa sukari, kitandani mwake, katika nyumba yao ya mtaa wa Section 58, Nakuru. Dawa yake ya sindano iliisha siku ya mwisho ya Desemba, na maduka yote ya dawa yalikuwa yamefungwa, na barabara zilikuwa na mawe na watu. Siku ya tatu ya Januari aliomba maji mara nyingi, kisha hakuomba tena. Waliokuja matangani walimsifu mjane kwa ushujaa kwa sababu hakulia. Haukuwa ushujaa. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: upo, umevaa kiatu, lakini ukiufinya hauna habari.

Chepkemei alikuwa na miaka hamsini na mitano. Mwaka wa sabini na nne alihitimu chuo cha makatibu kwa kupiga taipu maneno sitini kwa dakika, akafanya kazi miaka ishirini na sita katika chama cha ushirika cha wakulima, na wasimamizi watano walikuja wakaenda wakimwacha palepale nyuma ya mashine yake. Mwandiko wake wa mkono ulijulikana. Kadi za harusi, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, barua za ukoo kwa mkuu wa wilaya, zote zilipita mkononi mwake. Kipngetich naye alikuwa mzee wa kanisa na mwenye agroveti nyuma ya soko, duka la chakula cha mifugo, chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe. Wakulima wa Njoro na Rongai walikuwa na msemo: ukitaka kujua kilo, nenda kwa Kipngetich. Mizani ya duka lile haikuwahi kusema uongo, na jina la nyumba ile lilisimama juu ya mizani hiyo.

Mwezi wa pili, barabara zilipofunguka, familia ilifanya kikao. Aliyezungumza zaidi ni Micah, mdogo wake marehemu, mwenye duka la mbao na mabati huko Rongai.

"Shemeji, duka ni mzigo," Micah alisema, "na mzigo wa mwanamume hubebwa na mwanamume. Lakini sisi si watu wa kunyang'anya. Ukipeleka kodi ya ndugu yangu kwa wakati, bila aibu, bila askari kuja kubandika karatasi mlangoni, kaa na duka lako. Ukishindwa nitalichukua mimi, nawe utakula kwangu bila shida."

"Kula kwako," Chepkemei alisema.

"Ndiyo. Bila shida yoyote."

"Asante."

Wazee waliliona neno hilo kuwa ni kukubali, wakaomba chai.

Sasa, Kipngetich alikuwa na mtindo wake wa kuweka risiti, na hakuna mtu mwingine Nakuru nzima aliyeweka hivyo. Kila jioni alichukua karatasi zote za siku ile, za alichonunua na za alichouza kwa jumla, akazitoboa pembeni kwa sindano ya kushonea magunia, akazitunga kwenye uzi wa katani, siku juu ya siku. Mwezi ukiisha alipiga mafundo mawili, akautundika uzi kwenye boriti ya stoo. Mwaka ulipokwisha, nyuzi kumi na mbili zilining'inia pale kama mahindi ya mbegu. Chepkemei alizihesabu karatasi bila kuzitoa. Zilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na nne.

Zamani mtu wa hesabu kutoka mjini alizichukua nyuzi hizo kila Mei na kuzirudisha na ritani. Mtu huyo alikuwa miongoni mwa waliohama Januari, na simu yake haikuwa ikiita tena. Micah alikuwa na mtu wake, tena wa bei nafuu. Chepkemei alikataa. Karatasi za mume wake hazingefunguliwa na mgeni wa Micah.

Ndipo akaenda kwa Payal. Payal alikuwa msichana wa Kihindi wa miaka ishirini na minane, mwenye duka la kompyuta kuukuu upande wa pili wa stendi, na aliuza pamoja na kompyuta programu ya hesabu kwa wenye maduka madogo. Ilikuwa programu nzuri: ukiilisha risiti zote, yenyewe ingejumlisha, ingegawa mapato na matumizi, na ingetoa karatasi ambayo ofisi ya kodi ingeikubali. Kazi ilikuwa kuilisha.

Chepkemei alianza tarehe tatu Juni. Kutwa alikuwa dukani, kwa hiyo alikaa mbele ya kompyuta kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, kwenye meza ya chakula, uzi wa Januari umelala mbele yake. Alifuata karatasi kama mumewe alivyozitunga. Risiti ya kwanza ya pumba. Akatafuta jina la kinu katika orodha. Ya pili ya bili ya stima, akatafuta. Ya tatu ya dawa, akatafuta. Ya nne pumba tena. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Payal alipopita kumtazama, Chepkemei alikuwa amemaliza uzi mmoja na nusu.

Payal alisimama nyuma ya kiti chake, kikombe cha chai mkononi, akatazama kwa dakika tano.

"Mama, unatafuta nini hapo?"

"Mshale umepotea. Huu mshale wa kipanya."

"Umepotea tena?"

"Unapotea kila mara. Nikiupata nimesahau nilitaka nini."

Payal alijumlisha kwenye kikokotoo cha simu. Risiti ishirini na tano kwa saa. Saa mbili kwa siku. Siku zilizobaki, ukitoa Jumapili, kumi na saba. "Mama, mwendo huu utamaliza mwisho wa Julai."

"Ofisi hawatangoja Julai."

"Hata mimi singengoja." Akainama, akachomoa waya wa kipanya nyuma ya kompyuta, akakivingirisha na kukitia katika mkoba wake. "Nitakurudishia mwezi ujao."

"We msichana! Nitafanyaje kazi?"

"Si uliniambia ulipiga maneno sitini kwa dakika? Mkono mmoja ulikuwa ukifanya kazi gani kwa mashine ya taipu, kushika panya?"

Akamwonyesha. Upande wa kulia wa kibodi kuna tarakimu zimepangwa kama za kikokotoo. Mkono wa kulia usitoke pale. Kitufe kimoja cha kushoto cha kurukia kisanduku kifuatacho. Alama ya kujumlisha husogeza tarehe mbele siku moja, ya kutoa huirudisha nyuma. Jina la muuzaji lisitafutwe orodhani. Andika herufi tatu tu, programu itajaza zilizobaki. Chepkemei alijaribu mara moja, mara mbili, na mara ya tatu vidole vikakumbuka vilivyokuwa. Havikumngoja. Vilikwenda, na yeye akavitazama vikienda kama mtu anayetazama watoto wa jirani wakicheza.

"Ona huyo!" Payal alisema. "Simba!"

Walipima. Risiti arobaini kwa saa.

"Bado haitoshi," Payal akasema. "Unahitaji sitini. Shida si wewe sasa. Shida ni hizi kamba."

"Nyuzi."

"Nyuzi. Mzee alipanga kwa tarehe. Tarehe ni nzuri kwa mtu, lakini kwa kompyuta haina maana, yenyewe itapanga. Wewe kata nyuzi zote, panga karatasi kwa muuzaji. Za kinu pamoja, za stima pamoja, za dawa pamoja. Ukianza rundo la kinu, unaandika jina mara moja na aina ya matumizi mara moja. Kisha unabonyeza hapa, inarudia kila kitu, wewe unabadilisha tarehe, namba na pesa tu. Hata mia na ishirini kwa saa utafika."

Chepkemei alitazama fundo la uzi wa Februari. Lilikuwa fundo la mkono wa mtu aliyefunga magunia miaka thelathini. Halikuwa na mwanzo wala mwisho.

"Alizitunga mwenyewe," alisema.

"Najua, mama."

"Kila jioni. Hata jioni ambazo alikuwa mgonjwa."

Payal alikunywa chai yake, akaosha kikombe, akaaga.

Jumapili baada ya ibada Chepkemei alichukua mkasi. Alikata nyuzi zote kumi na mbili kwa mpigo, kwa sababu angekata mmoja angesimama. Kisha akatandika shuka sebuleni, akapanga marundo sakafuni, na juu ya kila rundo akaweka jiwe la mizani ili upepo wa mlangoni usichokoze: jiwe la kilo mbili juu ya kinu, la kilo moja juu ya dawa, la nusu kilo juu ya stima. Mafuta ya gari. Magunia. Kodi ya nyumba ya duka. Nyama choma ya hotelini Kikopey, mara tano, aliyowanunulia wateja wakubwa. Alizitoa hizo akaziweka kando, kwa sababu yeye mwenyewe alikula na mumewe na hakuona kama ni biashara. Kufikia saa kumi alikuwa na marundo kumi na tisa, na mwaka wa mume wake haukuwa na siku tena.

Jumatatu alimaliza kinu. Jumanne dawa na magunia. Payal alisema mia na ishirini. Chepkemei alifika mia na thelathini na mbili. Alfajiri hizo zilikuwa nzuri kwake kwa namna moja tu, kwamba hazikuwa na kitu ndani yake. Tarehe, namba, pesa. Tarehe, namba, pesa. Jua lilichomoza nyuma ya mlima Menengai naye hakugeuza kichwa.

Jumatano alishika rundo lililokuwa chini ya jiwe la robo kilo. Lilikuwa la usafirishaji, kitabu kimoja cha mwenye lori wa Salgaa aitwaye Kipkoech. Akaandika ya kwanza: jina, aina ya matumizi, tarehe, namba mia mbili na moja, shilingi elfu sita. Akarudia. Programu, ikirudia, ilikuwa na tabia ya kuongeza namba ya risiti moja mbele, ikibahatisha. Kwa wauzaji wengine wote ilibahatisha vibaya, kwa sababu kinu huuzia watu wengi na namba huruka. Kila mara ilimbidi afute na kuandika namba ya kweli. Safari hii haikumbidi. Programu ilisema mia mbili na mbili, na karatasi ilisema mia mbili na mbili. Mia mbili na tatu, na karatasi mia mbili na tatu. Vidole vilifurahia. Aliruka kisanduku hicho, akaacha mashine iseme yenyewe, na kasi ikapanda kuliko siku zote.

Alikuwa ameandika kumi na moja alipotoa mikono kwenye kibodi.

Februari. Machi. Machi. Aprili. Mwenye lori anayebeba mizigo ya watu wote kati ya Nakuru na Eldoret, na mwaka mzima hakumwandikia mtu mwingine hata risiti moja. Katika nyuzi, karatasi hizi zilikuwa zimetengana miezi kwa miezi, na nani angeziona? Sasa zilikuwa mkononi mwake pamoja, mia mbili na moja hadi mia mbili na hamsini, kitabu kizima kutoka jalada hadi jalada.

Akazitazama kwa mara ya kwanza, kwa maana alipokuwa akiziandika hakuzitazama. Wino wa buluu. Herufi zimelala kidogo kulia, zimeshikana mikono, namba saba imekatwa katikati kama alivyofunzwa mwaka wa sabini na tatu. Ulikuwa mwandiko wake.

Hakushtuka. Alikumbuka tu, polepole, kama mtu anayeletewa sahani moja moja. Jumapili ya Novemba, baada ya chakula. Kipngetich alikuja na kitabu hiki na karatasi iliyokunjwa.

"Huyu mtu wa lori hajui kushika kalamu," alikuwa amesema. "Mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye matope. Niandikie wewe, zikae vizuri."

Akasoma, naye akaandika. Tarehe hii, elfu sita. Tarehe hii, elfu tano na mia tano. Wakafika mahali akasema, "Tarehe thelathini Februari, elfu sita na mia mbili."

"Februari haina thelathini, Baba Jerotich." Jerotich ni binti yao, mwalimu huko Eldoret.

Kipngetich alicheka mpaka akafuta macho. "Ndiyo maana nilioa msomi! Basi weka ishirini na saba."

Akaweka ishirini na saba. Hakuuliza kwa nini lori la mwaka mzima linaandikiwa risiti mwezi wa kumi na moja, kwa siku moja, mezani pao. Alikuwa akisifiwa mwandiko. Kisha usiku huohuo au kesho yake, mumewe lazima alifungua mafundo ya miezi iliyopita, akaiingiza kila karatasi mwezini mwake, akafunga tena. Kazi ya subira. Alikuwa mtu wa subira.

Namba ya simu ilikuwa imechapishwa juu ya kila risiti. Saa mbili, kabla ya kufungua duka, akapiga.

"Haloo? Nani?"

"Ni mama wa agroveti ya Nakuru. Kwa Kipngetich."

"Ah, mathe! Pole sana. Nilisikia. Mambo ilikuwa mbaya mwaka huu."

"Asante. Nilitaka kuuliza jambo moja. Lori yako ilitubebea mizigo mwaka jana?"

"Lori?" Nyuma yake mashine ya kunyoa ilikuwa ikinguruma. "Mathe, ile lori niliuza elfu mbili na sita. Saa hii niko na kinyozi hapa Salgaa, nanyoa madereva."

"Na kitabu cha risiti?"

Mashine ikazimwa. "Kitabu kilibaki. Nilikuwa nimechapisha vingi. Mzee alipita akaniambia kitamsaidia, akanipa mia tano. Kwani kuna shida? Hiyo ni kitu ya kawaida, mathe. Watu wote wa biashara hufanya. Wanataka kupunguza ile ya serikali kidogo."

"Hakuna shida."

"Mzee alikuwa mtu mzuri."

"Asante," Chepkemei alisema, akakata.

Hakufungua duka mpaka saa nne. Alikaa na kikokotoo. Risiti hamsini zilifika shilingi laki tatu, elfu sita na mia tano. Ziwe ndani, faida ya mumewe inapungua kiasi hicho, na kodi anayo tayari, imo kwenye bahasha chini ya nguo zake. Ziwe nje, kodi inapanda elfu tisini na moja, mia tisa na hamsini, na fedha hizo hazipo popote. Hakuna mtu angejua. Karani wa ofisi ya kodi hafungui risiti za agroveti. Anapokea karatasi, anagonga muhuri. Na kama siku moja angefungua, angekuta risiti safi kuliko zote za mwaka ule.

Hapo ndipo penyewe. Mtu anaweza kusema Kipngetich alikosa, naye sasa yuko mbele ya mwenye kumhukumu. Lakini risiti zile hazikuwa na mkono wa Kipngetich. Zilikuwa na mkono wa Chepkemei, mkono ambao ukoo mzima uliuamini kwa barua zake, na mara ya kwanza uliandika bila kujua kwa sababu haukutaka kujua. Alfajiri ile ulikuwa umeandika kumi na moja mara ya pili.

Alfajiri iliyofuata alizifuta hizo kumi na moja, moja baada ya moja. Kila mara programu ilimwuliza kama ana hakika. Kila mara akabonyeza ndiyo. Kisha akazichukua zote hamsini, akazitia jikoni chini ya sufuria ya uji. Karatasi za kaboni huwaka kwa harufu mbaya, akafungua dirisha. Halafu akaendelea na rundo la stima, mia na ishirini na nane kwa saa.

Alimaliza risiti ya mwisho tarehe ishirini na tatu, siku saba kabla ya wakati. Payal alikuja kuchapisha ile karatasi, akaipitia kwa kidole.

"Mama, hii faida ni kubwa kwa duka la ukubwa ule. Una hakika hakuna rundo umesahau? Usafiri, kwa mfano. Sioni usafiri."

"Tulikuwa na pikapu yetu."

"Sawa. Mimi nauliza tu." Payal alimtazama kidogo, akafungua mkoba, akatoa kipanya na waya wake. "Hiki hapa."

"Kaa nacho," Chepkemei alisema. "Kitanipotezea wakati."

Pikapu ilikuwa imeandikwa kwa jina la Chepkemei tangu siku iliponunuliwa. Kipngetich alisema mke mwenye kazi ya ofisi anaaminika zaidi kwa bima. Gurdial Singh, mwenye gereji aliyeitengeneza miaka yote, aliizunguka mara mbili, akapiga magurudumu teke.

"Laki moja na themanini," alisema. "Lakini mama, hiyo ni bei ya mtu mwenye haraka. Ngoja Agosti nitakupa laki mbili na nusu."

"Nina haraka."

"Kipngetich hangeuza hivi."

"Kipngetich hayuko."

Gurdial akahesabu noti.

Ijumaa tarehe ishirini na saba alisimama kwenye foleni ya benki, kisha kwenye foleni ya ofisi ya kodi. Karani hakumkumbuka. Aligonga muhuri kwenye nakala yake, akaona mahali palipoandikwa marehemu, akasema pole mama. Chepkemei alichukua nakala. Nje, barabarani, aligundua kwamba safari hii hakusema asante. Akafikiria kurudi kusema, akaona ni mbali.

Micah alikuja Jumapili baada ya ibada, bado na tai. Alisimama uani kwanza, pale ambapo pikapu ililala, penye doa la oili na hakuna kitu juu yake. Kisha akaingia, akakaa kwenye kiti cha ndugu yake.

"Shemeji, gari iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Umeuza gari ya ndugu yangu bila kuniambia?"

"Ilikuwa na jina langu. Nimelipa kodi ya ndugu yako." Akamletea nakala yenye muhuri, pamoja na chai.

Micah aliisoma kutoka juu hadi chini, midomo ikitikisika kwenye tarakimu. Akarudi juu tena.

"Hii ni nyingi."

"Ni nyingi."

"Ya mwaka juzi hakulipa hata nusu."

"Mwaka jana aliuza sana. Mvua ilikuwa nzuri, watu wakaongeza ng'ombe."

"Aliuza sana," Micah akarudia. Akaiweka nakala juu ya meza, akailainisha kwa kiganja. Akapiga funda la chai. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umekunywa dawa ya kikohozi: "Na zile za lori, uliweka?"

Chepkemei hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za lori. Si Jerotich, si Payal, si mchungaji. Alimtazama shemeji yake, tai yake, mikono yake iliyozoea mbao. Rongai haiko mbali na Salgaa. Kipkoech alisema amechapisha vitabu vingi.

"Za lori gani?"

"Zile... za usafiri. Za Salgaa."

"Nimefungua nyuzi zote kumi na mbili, Micah. Nimeshika kila karatasi kwa mkono wangu. Sikuona lori katika hesabu ya mume wangu. Wewe ulimwona na lori?"

Micah aliinua kikombe, akakirudisha mezani. Jirani alikuwa akipika chapati, harufu ikaingia. Ilikuwa wazi kwamba analo jibu, na ilikuwa wazi pia kwamba jibu hilo halingeweza kupita mlangoni bila kumvuta yeye mwenyewe kwa mguu.

"Pengine nimechanganya na mtu mwingine," akasema.

"Pengine. Mwambie huyo mtu mwingine siku ya mwisho ni kesho jioni. Ofisi zitakuwa wazi."

Micah alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na meno. Akamaliza chai. Akasifu mahubiri ya asubuhi. Akasema kwamba kanisani watu walikuwa wakimtaja Kipngetich, mizani yake, na kwamba watu kama hao hawazaliwi siku hizi.

"Wanasema kweli," Chepkemei alisema.

Mlangoni Micah aligeuka. Habari ya nani atabeba mzigo haikuguswa, wala neno kikao halikutajwa. "Duka unafungua kesho?"

"Saa mbili, kama kawaida."

"Nitatuma mtu. Magunia mawili ya chumvi ya ng'ombe."

"Atakuja na pesa?"

"Atakuja na pesa, shemeji."

Alipoondoka, Chepkemei aliosha vikombe viwili. Alisimama kwenye sinki akijaribu kujua kama amekasirika, au amemsamehe mtu, au ni huzuni imekuja hatimaye. Akangoja kidogo, maji yakichuruzika. Hakuna kilichokuja. Akafunga mfereji, akajifuta mikono, akaenda kuwapa kuku chakula.